Wasafiri Kumi na Sita

Jumanne, 21 Novemba

Hili ni daftari la vipimo. Kwa mbele kuna vitanda, madawati na makabati ya watu. Nimeligeuza nikaanza kuandika kutoka nyuma, maana haya nikimwambia mtu nitagombana naye, na tanga limeanuliwa jana tu.

Nianze na hesabu. Binti yangu Shamila, miaka ishirini na tisa, mwanangu pekee, alilazwa Alhamisi kwa homa. Mimi nilikuwa ndani ndani huko Sikonge, nimepeleka madawati thelathini ya shule. Jumamosi alfajiri akafariki. Simu ilinifikia saa mbili asubuhi nikasema, nisubirini. Lori likakwama kwenye tope mara mbili. Nimeingia uani saa tisa na dakika ishirini. Walikuwa wamekwisha kumzika, saa saba, baada ya adhuhuri. Saa mbili na dakika ishirini tu walishindwa kunisubiri.

"Maiti haiwekwi, shemeji," ndivyo alivyoniambia Mwanamkuu. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu, na tangu mke wangu afariki yeye ndiye sauti ya nyumba hii. Ukoo wao ni wa mjini hapa toka enzi za misafara. Mimi nilikuja kutoka kijijini Lusu nina miaka kumi na minne, naitwa Lugembe, sina hata msumeno. Nikajifunza kazi, nikasilimu nikaitwa Shomari, nikaoa kwao, na nyumba wanayokalia mkeka nimeijenga mimi. Miaka thelathini na moja. Kwenye kikao cha mazishi ya mwanangu nilikuwa bado ni yule kijana wa Lusu, anayeweza kukosekana.

Sasa kuna Najiat, mtoto wa Shamila, miaka sita na nusu. Siku ile asubuhi jirani yetu Mwalimu Leonia, anayefundisha chekechea, alimchukua akashinda naye kwake. Aliporudishwa jioni Mwanamkuu akamwambia mama yake amesafiri. Ndiyo desturi ya hapa, mtoto haambiwi kifo. Majidi, baba yake, akakubali, na leo asubuhi amerudi Dar kwenye mabasi yake.

Jana mtoto akanifuata karakana.

"Babu, mama anarudi lini?"

Siku tatu nzima masikio yangu yalikuwa yanasikia neno moja: arobaini. Arobaini itasomwa wapi, mchele wa arobaini, masheikh wa arobaini. Na mimi ni mtu wa namba. Nikiulizwa lini, natoa namba.

"Baada ya arobaini."

"Siku arobaini?"

"Ndiyo."

"Toka leo au toka Jumamosi?"

Hapo ningeweza kujirudi. Nikasema toka Jumamosi. Akachukua chaki yangu akachora mistari mitatu nyuma ya mlango wa karakana. Leo ameongeza wa nne.

Jumatano, 22 Novemba

Mvua kutwa. Mstari wa tano.

Jumamosi, 25 Novemba

Mwalimu Leonia amekuja na simu yake kunionyesha picha. Ni mchezo wa watoto wawili, wa plastiki. Kila mtoto ana ubao wenye sura nyingi, kila sura na kimlango chake. Mmoja anaficha karatasi yenye sura moja, mwenzake anauliza maswali ya ndiyo au hapana, na kila jibu linamfungisha milango mpaka ubaki mmoja.

"Mzee Shomari, unaweza kunitengenezea wa mbao? Watoto wangu wanakariri tu, hawajui kuuliza."

"Sura ngapi?"

"Hata ishirini na nne."

"Ishirini na nne ni fujo. Kumi na sita."

Akacheka, akadhani nakwepa kazi. Sikukwepa. Kumi na sita nusu yake nane, nusu yake nne, nusu yake mbili, nusu yake moja. Mtoto akiuliza vizuri, maswali manne yanatosha, hakuna kubahatisha.

Mwalimu alitaka wanyama. Mimi nitachora wasafiri. Babu yangu aliwahi kubeba mizigo ya watu mpaka Ujiji, na hadithi zake ndizo picha pekee nilizonazo kichwani.

Jumanne, 28 Novemba

Mistari kumi na mmoja. Nimesema nitamwambia mtoto. Mwanamkuu alikuwa uani anachambua mchele. Nikaacha.

Jumatatu, 4 Desemba

Mbao mbili za mninga, kila moja milango kumi na sita. Bawaba za chuma ndogo hivyo hazipatikani, nimekata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vinakunjika vizuri na vidole vya mtoto havibanwi. Wasafiri nimewapanga kwa mambo manne: mwanamke au mwanamume, mzigo kichwani au begani, ana fimbo au hana, ana viatu au yuko pekupeku. Kila mchanganyiko umetokea mara moja tu. Hakuna wawili wanaofanana na hakuna aliyesahaulika. Nilikagua mara tatu.

Najiat amekaa kwenye maranda ya mbao ananitazama. Tangu mama yake aondoke haongei sana. Anakula nusu sahani anasema nyingine ya mama.

Tumecheza mara ya kwanza. Swali lake lilikuwa, "Ni huyu?"

"Hapana."

"Ni huyu?"

"Najiat, hivyo unafunga mlango mmoja mmoja, utauliza mpaka Idi. Tafuta swali litakalofunga milango minane kwa mkupuo."

Akafikiri, ulimi nje. "Ni mwanamke?"

"Ndiyo."

Akafunga wanaume wote wanane, tap tap tap, akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake siku kumi na saba.

Nikamwambia sheria: jibu ni ndiyo au hapana tu, na hakuna kudanganya. Ukidanganya hata mara moja mchezo wote umeharibika, mwenzako anafunga milango bure. Nilimwambia hayo mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.

Jumamosi, 9 Desemba

Sasa ananifunga. Mara nne kati ya sita.

Leo akauliza swali ambalo halimo. "Anarudi?"

"Nani?"

"Huyo uliyemficha. Anakwenda au anarudi?"

Nikatazama ubao. Wote kumi na sita wanaelekea kushoto. Nilikata kigezo kimoja cha umbo la mtu kwenye plaiwudi nikakitumia kwa wote, ndivyo fundi anavyookoa muda, kisha nikaongeza fimbo na viatu.

"Wote wanakwenda," nikasema.

"Hakuna hata mmoja anayerudi?"

"Nilitumia kigezo kimoja, mama."

Hakuelewa, au alielewa. Akarudi kuuliza habari za viatu.

Jumapili, 10 Desemba

Nimeanza kuhesabu uongo. Mwanamkuu: mama yuko Dar, anatibiwa mguu. Majidi kwa simu: mama yuko Mwanza kazini, anakusalimu. Mama muuza mkaa: mama kaenda Ulaya, ataleta mdoli. Mimi: baada ya arobaini. Kikao kizima kilikaa kupanga aoshwe na nani na azikwe saa ngapi, lakini hakuna aliyekumbuka kupanga tumwongopee mtoto mji gani.

Najiat anasikiliza wote, hambishii mtu. Kisha anakuja karakana anachora mstari.

Alhamisi, 14 Desemba

Leonia amechukua seti ya pili kwa ajili ya darasa lake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, lini mtamwambia? Januari anaanza darasa la kwanza. Ananiambia hataanza mpaka mama yake aje, kwa sababu alimwahidi kumpeleka mwenyewe."

"Si mimi mwenye nyumba, Mwalimu."

"Nyumba kajenga nani?"

Nimeudhika naye. Mpaka sasa naandika bado nimeudhika, kwa sababu alisema kweli.

Jumapili, 17 Desemba

Mistari thelathini. Nimemwendea Mwanamkuu jikoni baada ya alasiri.

"Shemeji, mtoto anahesabu siku. Zimebaki kumi."

"Nani kamwambia ahesabu?"

Nikaanza kuhesabu vikombe kabatini. Akajua.

"Shomari! Wewe na namba zako. Sasa unataka nini?"

"Nataka aambiwe. Kwa upole, lakini aambiwe."

Aliweka mwiko chini. Mwanamke huyu nimemjua miaka thelathini na moja, sijawahi kumwona akikaa chini mbele yangu bila kuwa na la kuamrisha. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi.

"Mimi niliambiwa," akasema. "Nilikuwa na miaka mitano. Wakanishika mkono wakanipeleka ndani, wakafunua shuka, wakasema muage mama yako. Walifikiri ndiyo vizuri. Shemeji, mimi sura ya mama yangu mzima siikumbuki. Nakumbuka ile tu. Pamba puani." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Kwa hiyo huyu mtoto hataambiwa mpaka awe mkubwa wa kubeba. Niite mbaya."

Nilikuja na maneno yangu yote yamepangwa kama mbao. Nikatoka nayo hivyo hivyo.

Jumamosi, 23 Desemba

Mvua. Barabara ya kwenda Sikonge imekatika tena. Mistari thelathini na sita.

Jumanne, 26 Desemba

Kesho. Nimefika mpaka mlangoni kwa Najiat mara mbili leo. Mara ya kwanza alikuwa amelala mchana. Mara ya pili alikuwa anampangia mama yake viatu.

Alhamisi, 28 Desemba

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo.

Kuanzia asubuhi watu walianza kuingia. Turubai likafungwa uani kwa sababu ya mvua, masufuria mawili ya pilau, mikeka, misahafu. Watu mia moja na kitu. Mtoto aliyeambiwa mama yake anarudi baada ya siku arobaini ameamka siku ya arobaini akakuta nyumba imejaa watu na pilau inapikwa. Angefikiri nini?

Alitoka chumbani kavaa gauni lake la Idi, la njano, lenye mikanda. Kajipaka mafuta mpaka magotini. Amefunga nywele mwenyewe, upande mmoja juu, mwingine chini. Akapita katikati ya wanawake waliokaa mkekani, anamwamkia mmoja mmoja, "Shikamoo," "Shikamoo," na wao wanaitikia "Marahaba mwanangu" huku wanaficha nyuso kwenye mitandio. Kisha akaenda akakaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, ule wa barabarani, anatazama njia.

Masheikh wakasoma hitima. Mimi nilikuwa nimekaa na wanaume chini ya turubai, naona mgongo wake wa njano. Mvua ilimpiga miguuni, hakusogea. Kila bajaji ikipunguza mwendo, anasimama. Nilihesabu. Alisimama mara tisa.

Watu walipokula na kuondoka akaja kwangu.

"Babu, umehesabu vibaya?"

Mimi sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, hata wateja wabishi. Nikasema, "Labda, mama. Labda nimehesabu vibaya." Huo ndio uongo wangu wa pili.

Jioni kina mama wa ukoo waligawana nguo za Shamila, kama inavyofanywa. Kila mmoja akaondoka na kipande. Mwanamkuu akabaki na khanga moja, ya zambarau, akajifunga pale pale kiunoni akaenda kuosha masufuria. Najiat alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama ile khanga muda mrefu, kisha akaingia ndani akavua gauni.

Mistari arobaini bado ipo nyuma ya mlango wangu. Sijaifuta. Yeye hajaongeza.

Jumanne, 2 Januari

Sare imeshonwa. Amekataa kuijaribu.

"Nitaanza mama akija."

Mwanamkuu akabembeleza, akatisha, akaahidi soda. Majidi akapigiwa simu akafoka kutoka Dar. Mtoto hakulia wala hakubisha. Anasema sentensi ile ile kwa sauti ile ile.

Ijumaa, 5 Januari

Shule inafunguliwa Jumatatu. Leonia anasema akikosa mwezi wa kwanza ataachwa nyuma mwaka mzima. Shamila alimwandikisha mwenyewe mwezi wa kumi, na cheti cha kuzaliwa alikitia nailoni ili kisilowe.

Jumapili, 7 Januari

Leo asubuhi nilikuwa napiga randa. Amekuja na ubao wake, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akauweka juu ya meza ya kazi, akapanda kwenye gogo.

"Tucheze."

Nikanyoosha mkono kuchukua karatasi ya kuficha.

"Usichukue," akasema. "Mimi nauliza, wewe jibu tu. Ndiyo au hapana. Na sheria ni ile ile."

Nilielewa kabla hajauliza la kwanza. Nikaweka randa chini. Uani Mwanamkuu alikuwa anafagia, nilisikia ufagio.

"Maswali mangapi?" nikauliza. Mtu mzima mimi, natafuta pa kujificha kwenye namba.

"Manne. Wewe ulisema yanatosha."

"Haya."

"Mama yuko Dar, au Mwanza, au Ulaya, au mji wowote?"

Miji yote kwa swali moja. Hakufunga mlango mmoja mmoja. Nilimfundisha mwenyewe.

"Hapana."

Akafunga safu mbili za juu, milango minane, taratibu, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole.

"Nguo zake atazitaka tena?"

"Hapana."

Akafunga minne. Ufagio ulikuwa bado unafagia.

"Anarudi?"

Nilikumbuka pamba. Nilikumbuka saa mbili na dakika ishirini. Nilikumbuka kwamba hata mimi sikumwona, nilioneshwa udongo nikaambiwa ni hapa, nikaamini.

"Hapana, mama. Harudi."

Akafunga miwili. Ikabaki miwili wazi. Alikaa akiitazama, na mimi nikadhani ataniuliza neno lenyewe, nikaliandaa mdomoni, zito. Hakuliuliza. Hilo alikuwa nalo tayari.

"Wewe ulijua? Toka siku ya kwanza, nilipochora mistari, ulijua?"

"Ndiyo."

Akafunga mmoja. Akabaki msafiri mmoja: mwanamke, mzigo kichwani, hana fimbo, pekupeku. Akaufunga na mlango huo.

Nilijaribu kumshika. Aliniachia nimshike, lakini mikono yake yeye ilibaki chini. Hakulia. Akasema, "Kesho utanipeleka wewe." Akashuka kwenye gogo akaenda kuijaribu sare.

Jumatatu, 8 Januari

Nimempeleka. Matope mpaka kwenye vifundo, nikambeba mgongoni ili soksi zisichafuke. Mwalimu wa zamu, mwanamke mchangamfu, alikuwa mlangoni anapokea watoto.

"Karibu, mrembo! Mbona umeletwa na babu, mama yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Najiat akaniwahi.

"Amesafiri," akasema, kwa adabu kabisa.

Mchana tuliporudi Mwanamkuu alikuwa amechemsha mayai mawili na chai ya maziwa. "Mama yako kapiga simu sasa hivi," akasema, sauti imejaa furaha ya kujilazimisha. "Anakupongeza!"

"Ahsante, bibi. Akipiga tena mwambie nimekaa dawati la mbele."

Akala mayai yote mawili, hakubakiza nusu. Kisha akanifuata karakana.

"Bibi anajua kwamba mimi najua?"

"Hapana."

"Usimwambie. Atalia."

Jumatano, 10 Januari

Nimefuta mistari. Chaki imeingia kwenye nyuzi za mbao, ikipigwa na mwanga wa pembeni bado inaonekana.

Jumapili, 14 Januari

Leo ndiyo mara ya kwanza kucheza tena. Safari hii yeye alificha, mimi nikauliza. Mwanamume? Ndiyo. Mzigo begani? Hapana. Ana fimbo? Ndiyo. Ana viatu? Ndiyo. Nikafunga milango kumi na mitano, nikamnyooshea kidole yule mmoja aliyebaki, mwanamume wa fimbo na viatu, mzigo kichwani. "Ni huyu."

Akageuza karatasi yake. Alikuwa mwanamke, mzigo kichwani, pekupeku, hana fimbo.

Nikarudia hesabu. Majibu manne, matatu ya uongo. Nilitengeneza mchezo huu kwa uangalifu, kila mchanganyiko mara moja, hakuna aliyesahaulika, na kwa hiyo majibu yoyote manne, ya kweli au ya uongo, lazima yakufikishe kwa mtu. Hakuna mahali pa kugundua kwamba umepotezwa mpaka karatasi igeuzwe. Kasoro hiyo sikuiona wakati wa kuchora.

"Kwa nini, Najiat?"

Alikuwa ananitazama usoni, hapepesi, kama mtu anayepima ubao kwa jicho.

"Nilikuwa naangalia kama utajua."

Sikujua.